Tumbo la Baridi, Tumbo la Joto

Mwishoni mwa miaka ya tisini mume wangu alifuatana nami Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amestaafu kazi ya kulinda wanyamapori, na mimi nilikuwa nikinunua nguo za biashara kwenye soko la jumla la Shisanhang. Alinibebea mizigo bila kulalamika, lakini nilimwona hana uchangamfu.

Siku moja, mafundi cherehani wa mtaa wa Kangle wakiwa hawajamaliza magauni yangu, nilimpeleka kwenye bustani ya wanyama. Tulikwenda na binti wa Tanga aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo na aliyetufanyia ukalimani.

Kwenye banda la kulungu walioletwa kutoka milima ya kaskazini, mtunzaji wa makamo alikuwa akichanganya majani makavu na mabichi machache. Mume wangu akasimama.

"Muulize, mwanangu, mbona mabichi anayabania?"

Binti akauliza, akatugeukia. "Anasema miti ndiyo kwanza inachipua, Baba. Matumbo yao bado ni ya baridi. Akiwapa mengi wataharisha."

Uso wa mume wangu ukachangamka. "Mwambie tandala wetu ni vivyo hivyo. Kiangazi wanatafuna majani magumu, na tumbo linajipanga kwa hayo. Mvua ikishuka, majani laini yakitoka, kinyesi chao hulegea mpaka tumbo lizoee."

Mtunzaji alisikiliza tafsiri hiyo, kisha akatuita chumbani kwake na kushusha chupa mbili kutoka rafuni. Ndani mlikuwa na vipande vya ukuta wa tumbo la kulungu wawili, mmoja aliyekufa majira ya joto, mwingine majira ya baridi. Cha kwanza kilijaa vinyweleo virefu vilivyosongamana. Kwenye cha pili vilikuwa vifupi, vya kuhesabika.

"Hivi ndivyo vinavyofyonza chakula," binti alieleza. "Majani mazuri yakiadimika, navyo vinapungua."

"Kama taulo," nikasema. "Hili jipya, lile limechakaa."

Mtunzaji alipotafsiriwa maneno yangu alicheka hadi akaweka chupa chini.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amepasua matumbo mengi ya wanyama waliouawa na majangili, lakini misimu miwili hakuwahi kuiona ubavu kwa ubavu. Akaomba abaki. Nilimwacha na binti, nikaenda Kangle peke yangu.

Alirudi jioni ananuka majani, akala wali wote niliomwekea, akanisimulia habari za kulungu mpaka akasinzia kitini.