Tumbo Jekundu la Bata wa Kikue

Bi Kikue alikuwa na ulimi mkali kuliko mundu wake, na kijiji kizima kule mlimani kililijua hilo. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto wako Osaka. Kabaki yeye na majaruba yake ya mpunga. Nyumba tatu, yake ikiwamo, zilinunua bata kumi na wawili kwa shirika ili wale magugu, na ada ni moja: mpunga ukitoa masuke, bata wote wanaingia chunguni. Mwaka jana jirani yake Yasuzo alidondosha chozi, Kikue akamcheka mbele za watu: "Bata ni mboga, baba, siyo mjukuu!"

Mwaka huu yakamkuta mwenyewe. Kifaranga kimoja dhaifu alikilea jikoni, ndani ya boksi. Jina hakukipa, mboga haipewi jina. Alikiita "wewe" tu, lakini hiyo "wewe" ilikuwa na asali.

Siku ya kwanza jarubani, bata huyo akamdaka imori, kale kamjusi ka majini kenye mgongo mweusi. Imori hata hakukimbia. Alijipinda, mkia juu, kidevu juu, akaonyesha tumbo jekundu kama pilipili: haya, nile uone! Maana ngozi yake ni sumu tupu.

"Tema! Tema, we mpumbavu!" Kikue alitumbukia topeni mzimamzima. Bata akatema, akapangusa mdomo kwenye matope, na tangu hapo akiona wekundu huzungukia mbali. Kikue alimkumbatia akalia, akishukuru hakuna aliyemwona.

Masuke yakatoka, Yasuzo akaja na tenga. Kikue amwombe amwachie bata wake? Thubutu! Angesimangwa mpaka kaburini. Alfajiri hiyo, kabla Yasuzo hajafika, alichukua wino mwekundu wa muhuri, akampaka bata wake tumboni.

Yasuzo alitia tengani kumi na mmoja, akampindua wa mwisho. "Dada Kikue, hii nini tena?"

"Alimeza imori. Sumu imemwingia. Ukimla utakufa bure."

"Lo! Na sumu yenyewe inanuka wino?"

"Pua yako imezeeka."

Bata akachoropoka, akakimbilia chini ya aproni ya Kikue. Kikue alikaza uso, lakini mkono wake ulishuka wenyewe ukamfunika.

Yasuzo alimtazama sana. Angeweza kumlipa ya mwaka jana. Badala yake alikwenda mferejini, akanawa mikono taratibu hadi viwikoni, vile wafanyavyo wote wa huku wakishagusa imori.

"Hatari kweli huyu," akasema, akijitwika tenga. "Usithubutu kumpa mtu. Kaa naye mwenyewe."