Kamanda Aliyehamia kwa Walioshindwa

Pale Gunsan, mji wa bandari huko Korea, katika ukumbi wa kompyuta wa Bwana Cha, upande wako ulijulikana kwa kiti chako. Chui walikaa safu ya dirishani, Korongo safu ya jikoni, na aliyeishiwa vijiti vya kulia aliona heri ale kwa vidole kuliko kuomba ng'ambo. Mchezo wenyewe uliitwa Ngome Saba. Wachezaji walitawanyika nchi nzima, ila makamanda wa pande zote mbili walikuwa hapo hapo kwa Bwana Cha, na vita ilipigwa kila Jumamosi saa kumi alasiri.

Kamanda wa Chui alikuwa Maeng Gyeong-ok, muuza kimchi wa sokoni, ile kachumbari kali ya kabichi iliyochachushwa, miaka hamsini na minne. Ukimuuliza kwa nini Chui, hakufichi. Siku yake ya kwanza ilikuwa ya baridi kali, na kiti kilichobaki karibu na hita kilikuwa dirishani. Basi! Hakumjua Chui wala Korongo. Mapenzi yalikuja baadaye, kwa kufa pamoja na kufufuka pamoja wiki baada ya wiki, mpaka vijana wa safu ile wakamwita mamdogo, naye akawa anawaletea kimchi ya figili ndani ya kopo. Miaka tisa ikapita hivyo. Nyumbani hakuwa na mtu wa kumngoja. Waliomngoja walikuwa hao.

Kilicholeta balaa ni ushindi. Kwa miaka miwili Chui hawakupoteza hata ngome moja, na kadiri walivyoshinda ndivyo Korongo walivyohama au kuacha kabisa. Kuhama ni kubonyeza tu: unavuliwa cheo, unaanza askari wa kawaida, na huruhusiwi kurudi mpaka mwaka uishe. Safu ya jikoni ikabaki na Mzee Noh, dereva wa treni mstaafu, na mafundi wawili wa bandarini. Jumamosi moja vita ikaisha kwa dakika sita.

"Sasa hii nayo ni vita, au tumekuja kuchambua maharage?" Gyeong-ok akauliza.

"Mamdogo nawe! Watu wameshinda, wewe unanuna." Huyo alikuwa Seok-gyu, msaidizi wake, kijana wa kupeleka vyakula kwa pikipiki.

"Nahamia kule."

Safu nzima ikacheka. Seok-gyu akacheka kuliko wote. "Mimi nimehama mara tatu na sijaumwa hata kichwa. Lakini nilifuata ushindi, kama mtu mwenye akili zake. Wewe unafuata kipigo?"

"Hukuumwa kichwa kwa sababu hukuacha kitu."

Kicheko kikamkauka. "Ukivuka umevuka, mamdogo. Usije kutuambia ni mchezo tu."

"Anayesema ni mchezo tu ni wewe, si mimi."

Akabonyeza. Akachukua mto wake wa kukalia na ndala zake zenye jina, akavuka. Jamani, aliogopa! Nyuma yake hakuna aliyemuaga. Lakini alikwenda, akaketi, akawasha mashine.

Mzee Noh hakuamini bahati yake. "Karibu, Kamanda! Haya, tuambie. Ngome Kuu ya Chui inaingilika wapi?"

Gyeong-ok alipajua. Ukuta wa nyuma haukuwa na mlinzi hata mmoja, ila masanamu yaliyovikwa kofia za chuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyasimamisha.

"Nimekuja na mikono yangu, Mzee. Ya Chui nimewaachia Chui."

"Lo! Tumeletewa bunduki, risasi zimebaki kwao!"

"Risasi tutatafuta."

Na akatafuta kweli. Wiki tatu, akikata kabichi huku simu ameibana begani, aliwapigia Korongo waliokata tamaa, mmoja mmoja. Aliyesema hana muda aliambiwa vita ni ya muda wa saa moja tu kwa wiki. Aliyekata simu alipigiwa tena kesho yake. Wakarudi mchezoni watu arobaini.

Jumamosi ya nne wakavamia Ngome Kuu kwa njia pekee waliyoijua, lango la mbele, wakitegemea kuchinjwa kama kawaida. Ajabu, walinzi walikuwa wachache! Lango likavunjika. Bendera ya Korongo ikapanda, na Mzee Noh, mtu mzima yule, akapanda juu ya kiti akipiga makofi.

Ng'ambo, Seok-gyu, kamanda mpya, alikuwa amesimama, uso mwekundu. "Mbona hamkuja ukuta wa nyuma? Nusu ya jeshi langu nimeiweka pale nyuma kwenye masanamu!"

"Ukuta gani wa nyuma?" Mzee Noh akauliza. "Masanamu gani?"

Seok-gyu akamtazama Gyeong-ok, na ikamwingia akilini taratibu. "Hukuwaambia?"

Furaha yote ikamtoka mama wa watu. Kumbe kule walikuwa wamekaa wiki tatu wakimhesabu kuwa msaliti, wakahamisha na walinzi kabisa.

"Miaka tisa, Seok-gyu. Umekula kwenye kopo langu, ukadhani nitakuuza kwa wiki tatu."

Kijana akainamisha kichwa. "Mimi ningesema, mamdogo."

"Najua. Na umeshasema, mbele ya ukumbi mzima."

Mafundi wa bandarini wakaangua kicheko. Gyeong-ok hakucheka. Ilimuuma, na kila aliyemtazama aliona inavyomuuma. Kisha akajifuta macho kwa kiganja, akageukia skrini, kwa maana Chui walikuwa wanarudi kuichukua ngome yao na lango lilikuwa bado wazi.

"Mzee, shuka kwenye kiti," akasema. "Shika upande wa kulia. Mimi nakaa langoni."