Marando Kivulini

Leo sokoni nilisikia harufu ya marando ya viazi yaliyokatwa, nikasimama mbele ya muuzaji bila kununua kitu.

Nilipokuwa mdogo, marando yetu mama aliyakata bondeni, mabichi, utomvu mweupe ukimganda vidoleni. Matuta ya viazi yalikuwa tayari, lakini yeye aliyafunga marando mafungu na kuyalaza kivulini, nyuma ya nyumba.

"Mama, yatakufa!"

"Hayafi, mwanangu. Yaache yanyauke siku mbili. Yakinyauka ndiyo yanatafuta mizizi."

Kila nilipoyachungulia, majani yalikuwa yamelegea kama matambara. Siku ya tatu tuliyapanda, tukayamwagilia, na kabla wiki haijaisha yakainua vichwa.

Mwaka uliofuata mama alirudishwa kutoka hospitali, Tabora mjini, akalazwa mkekani, kivulini palepale. Mikono yake ilikuwa imelegea. Shangazi zangu walijificha jikoni wakilia, nami nikawaona wajinga, hawajui kilimo.

"Mnalia nini? Ndiyo kwanza siku ya pili," niliwaambia.

Siku ya tatu, watu walipoanza kujaa uani, mimi nilikuwa natoka kisimani na ndoo ya maji, nakimbia.