Mashua Mbele ya Mlango

Mashua nilipewa Loresho, mtaa wa matajiri hapa Nairobi, na mpaka leo mke wangu husema nilipewa balaa. Mzee mmoja niliyekuwa nikimzibia matangi ya maji alikuwa anahamia ng'ambo, akaniuliza kama naitaka. Mimi, mtoto wa ziwani! Hata sikuuliza kama inavuja. Niliipakia kwenye pikapu hadi Kabiria, kwenye ploti tunayopanga, nikaiegesha mbele ya mlango wetu.

Mwenye ploti ni mama mzee, sisi wapangaji humwita Shosho. Alikuja akaizunguka, mikono kiunoni.

"Baba, hapa ni ploti, si Kisumu. Jumamosi jioni nikipata hii kitu hapa, wewe na hiyo mashua mtatoka pamoja."

Shosho hatishi bure. Mke wangu alikuwa na saluni yake pale getini, na wateja wote ni wa hapo hapo. Kuhama kungekuwa kumfungia kazi.

Nikaitangaza kuwa inauzwa, na Jumatatu mnunuzi akaja. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akapaza sauti kutoka saluni, "Hiyo inavuja chini ya kiti cha nyuma!" Mtu akaenda zake. Aki nilichemka!

"Unataka tufukuzwe?"

"Huyo atapanda na watoto wake," akasema, akiendelea kusuka mteja. "Wewe utapata usingizi?"

Rangi ya kuficha ufa wa chini ya kile kiti nilikuwa nimeshanunua, na yeye alikuwa ameiona chini ya kitanda.

Basi Jumatano nikaukwangua ufa, nikabandika fibaglasi na gundi yake, vile ninavyoziba matangi. Kwetu mashua huijaribu ziwani. Kabiria ziwa utalitoa wapi? Nikaamua, kama haiwezi kuingia majini, maji yataingia ndani yake. Niliiinua juu ya mawe, nikaisugua kwa sabuni, na Alhamisi mfereji ulipotoa maji nikaijaza hadi pomoni. Kisha nikalala chali chini yake, macho kwenye ule ufa. Majirani walipita wakiniuliza kama nimekunywa. Hakuna tone lililoanguka.

Ijumaa mfereji ukakauka. Jumamosi asubuhi niliamshwa na kelele za ndoo. Ploti nzima ilikuwa imepiga foleni kwa mashua yangu, na mbele kabisa, leso imefungwa vizuri kiunoni, alikuwa Shosho.

Mnunuzi wa pili akatokea wakati huo huo, jamaa mwenye bwawa la samaki upande wa Limuru. Niliona aibu, we! Akatazama foleni, akatazama mashua.

"Kwani hii inavuja?"

Shosho akamgeukia, ndoo mkononi. "Ingekuwa inavuja, mimi ningekuwa nachota nini?"

Yule jamaa akainama, akapapasa chini ya mashua kwa kiganja. Kukavu. Alicheka mpaka akashika ukingo.

Tuliyamaliza maji kwa ndoo, mitungi, hata sufuria. Jamaa alipolipa na mashua ikapakiwa, mke wangu akaniletea chai nje, na nilijua nimesamehewa. Shosho alikuwa bado amesimama, akitazama yale mawe matupu.

"Shosho, imetoka kabla ya jioni, kama ulivyosema."

"Nimeona."

Akabeba ndoo zake, akapiga hatua mbili tatu, kisha akageuka.

"Na ukipata ingine, usiniulize. Leta tu."