Chai Iliyogandisha Mashine ya Hesabu

Jamani, aibu ziko nyingi. Kuna ile ya kuteleza kwenye tope mbele ya watu ukainuka ukajipangusa, na kuna hii yangu, ya mtu mzima, shemasi wa kanisa, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, aliyemwacha mwenzake abebe lawama kwa sababu ya kikombe cha chai. Nawaambia mapema ili msije mkanihurumia katikati ya habari: mimi ndiye niliyekuwa nikiigandisha ile mashine. Hakuna mwingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya wapima ardhi mjini Kisii. Siku zile kila boma lilikuwa likigawa shamba, ndugu kwa ndugu, na vipimo vikiletwa kutoka mashambani mimi ndiye niliyepiga hesabu ya ekari, na mtu akishapata karatasi yangu anarudi nyumbani kifua mbele au anarudi akilia. Bosi wetu, Bwana Onsongo, alipochoka kuona nikihesabu kwa penseli, alileta mashine ya hesabu ya umeme, kubwa kama kuku aliyelalia mayai, yenye tarakimu za mwanga wa kijani. Watu walikuwa wakichungulia dirishani kuitazama. Alipouliza nani anaweza kuitunza nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza (sikuwa najua hata pa kuiwashia).

Sasa, Bwana Onsongo alikuwa Msabato, nami Msabato, tena wa enzi zile ambapo chai ilihesabiwa jirani ya pombe na tumbaku. Fikirieni, mtu ametoka Gesima kwenye mashamba ya chai, watoto wake wanasomeshwa kwa majani chai, halafu anapiga marufuku chai ofisini! Mimi hadharani nilikunywa maji moto na ndimu nikisifu afya yangu. Lakini katika droo ya chini ya meza yangu nilikuwa na kikombe kikubwa cha bati, majani, sukari, na koili ya kuchemshia maji niliyoipata sokoni Daraja Mbili ikiwa imeshatumiwa na watu wawili watatu kabla yangu. Soketi ilikuwa moja tu, ya plagi mbili, nyuma ya kabati la mafaili. Waya mmoja ulikwenda kwenye mashine, wa pili ulipita chini ya meza ukaingia droo.

Mwezi haukuisha, mashine ikaanza kuganda. Unabonyeza, unabonyeza, tarakimu zimekukodolea macho tu, mpaka uizime, usubiri kidogo, uanze hesabu upya kutoka mwanzo. Cha kushangaza, siku za kazi nyingi haikuganda hata mara moja. Iliganda siku za kazi nyepesi, mtu mmoja au wawili kwenye benchi. Bwana Onsongo akasema labda inachukia uvivu. Mimi, mtaalamu, nikakunja mikono ya shati: nikaipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, nikabadilisha plagi, nikaihamisha kutoka dirishani, nikaiwekea blanketi chini isitikisike, na kila nikimaliza tiba mpya najipongeza kwa kikombe kimoja, na mashine inaganda tena. Kazi ikiwa nyingi sikuwa na nafasi ya chai, mnaelewa? Lakini naapa, wakati huo sikuwa nimeunganisha mambo.

Bosi akazidi kuniuliza, na mtu aliyejiita mtaalamu hawezi kusema hajui. Nikatazama huku na huku, macho yakamwangukia Akinyi.

Akinyi alikuwa mpiga chapa wetu, anatoka upande wa ziwa, si Mkisii kama sisi, mama wa watoto wawili, mwenye vidole vyepesi kuliko wote niliopata kuwaona. Nikamwambia bosi, "Bwana, ni ile taipureta. Inatikisa sakafu, mashine inachanganyikiwa." Nilisema tu ili nipate kupumua, lakini neno likapata miguu. Kesho yake wenzangu walikuwa wakinong'onezana kwamba hata juzi alionekana akiigusa, na mwingine akasema watu wa ziwa, mnawajua. (Mimi sikusema hilo. Wala sikulikanusha.) Meza ya Akinyi ikatolewa nje kwenye baraza, na mvua ya Kisii hamhitaji mtu wa kuwasimulia. Akawa anapiga chapa amevaa koti.

Na mashine ikaganda tena, Jumatatu, Akinyi akiwa huko nje. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nimechomeka koili, nimesikia taa juu yangu ikififia kidogo, naam, nimesikia, maana ilitoa mlio, nikainua macho na tarakimu zimesimama. Nikachomoa. Nikaizima mashine nikaiwasha, ikafanya kazi. Nikachomeka, ikaganda. Nikaketi. Nilielewa kila kitu pale pale, ndugu zangu, na ningeinuka nitembee hatua kumi mpaka kwa bosi, habari ingeishia hapo. Badala yake nikafunga droo kwa ufunguo nikaamua kuacha chai kimyakimya.

Mnaona ujinga wangu? Nilipoacha chai, mashine ikapona. Siku tano haikuganda. Na ofisi nzima ikasema, "Ahaa, tangu Akinyi atolewe, mashine imetulia." Uungwana wangu wa siri ukawa ndio ushahidi dhidi yake. Bwana Onsongo alikuwa ameshamwita fundi kutoka Kisumu, akatangaza kwamba fundi akithibitisha ni taipureta, basi ofisi haiwezi kuwa na mpiga chapa asiyeweza kukaa ndani.

Fundi alifika Jumatatu iliyofuata, asubuhi ya mvua na baridi. Kwenye benchi alikuwepo Mama Kemunto, mjane kutoka Gesima, ambaye ilikuwa safari yake ya nne kufuata ekari zake, maana shemeji yake alikuwa akimwambia kipande chake ni kidogo kuliko anavyodhani. Kichwa kilikuwa kikinigonga kwa kukosa chai siku zote hizo. Fundi akaifungua mashine, akaitazama matumbo, akaifunga, akasema, "Haina ugonjwa." Wakapeana mikono na bosi. Nikajiambia imekwisha, mashine imezimwa, watu wanaagana, kikombe kimoja tu. Nikachomeka koili, nikatia majani, nikasukuma droo kwa goti.

Ndipo Bwana Onsongo akasema, "Fundi, kabla hujaenda, tumpigie huyu mama ekari zake tuone. Akinyi, hebu njoo usimame hapa ndani."

Fundi akawasha. Akabonyeza tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikaganda.

Bosi akageuka. "Akinyi, umefanya nini?"

"Nimesimama," Akinyi akajibu, mikono kifuani.

Mama Kemunto akaniangalia, akaangalia magoti yangu. "Na huo moshi kwenye meza," akauliza, "ni wa nini?"

Nikasema, na Mungu anisamehe, "Ni ukungu, mama. Mvua hii."

"Kijana yangu, ukungu naijua, nimezaliwa ndani yake. Hiyo inanukia majani."

Nikaibana droo kwa goti kwa nguvu zote, kikombe kikapinduka, chai iliyokuwa ikitokota ikapata njia mpaka pajani. "Mayoo!" Niliruka na droo yote, ikaanguka, na chai ya shemasi ikatiririka sakafuni ikaenda kusimama kwenye viatu vya Bwana Onsongo. Koili ikabaki ikining'inia, nyekundu kama ulimi.

Fundi aliokota kikombe. Alichota maji, akaitumbukiza koili, akawasha mashine tena, akabonyeza: imeganda. Akachomoa, akaizima, akaiwasha: inafanya kazi. Bosi akasema, "Rudia." Akarudia. "Tena." Kufikia mara ya tatu waliokuwa barazani wamejaa mlangoni kama wanatazama sinema, nami nimesimama katikati suruali imelowa mahali pabaya.

"Sasa nipigie shamba yangu," Mama Kemunto akasema, "na usikunywe kitu." Nikampigia. Kipande chake kilikuwa kikubwa kama alivyokuwa akisema siku zote, akaikunja karatasi akaiweka kifuani akatoka bila kuniaga.

Bwana Onsongo akaniuliza swali moja tu: "Ulijua lini?" Akinyi alikuwa akinitazama. Nikasema, "Jumatatu ya wiki iliyopita." Bosi akaibeba meza yangu yeye mwenyewe, mzee mzima na tai yake, akaiweka barazani, akairudisha ya Akinyi. Ushemasi nao haukufika Sabato iliyofuata. Kanisani waliniita mzee wa ukungu, na wengine mpaka leo wananiita hivyo.

Jioni ile nilimfuata Akinyi kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea yote. Yeye aliendelea kufunika taipureta yake.

"Kunisingizia nitasahau, Ombati," akasema. "Mtu akiogopa husema lolote. Lakini siku tano ulipita pale barazani kila asubuhi, vidole vyangu vimekufa baridi, unajua ni wewe, na ukaniambia pole. Hiyo ndiyo siwezi kumeza."

Chai bado nakunywa, tena mezani, mchana kweupe, mbele ya yeyote. Nilichoacha ni kulitoa ovyo lile neno pole. Siku hizi mtu akipata taabu karibu nami nanyamaza kwanza, najikagua mikono na mifuko yangu, na nikishahakikisha si mimi niliyemletea, ndipo namwambia pole.