Mapishi Niliyomsomea Mama

Juzi, katika duka la vitabu hapa Kasongo, nilifungua kitabu cha mapishi, na harufu ya karatasi mpya ikanirudisha utotoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka kama hilo, nami nilikuwa ninamsomea mama, asiyejua kusoma, namna ya kupika pilau.

"Mama Zaina, kitabu hakiliwi!" mwenye duka alimtania.

"Acha mutoto asome. Zaina, vitunguu wanavikaanga mpaka vinakuwaje?"

Nilidhani anachagua chakula cha Idi. Sikujua kwamba koo lake lilikuwa halipitishi tena hata uji, wala kwamba Idi hiyo hataifikia.

Nilisoma mpaka mvua ikakatika. Mama akapangusa midomo kwa ncha ya kitenge.

"Alhamdulillahi," akasema, "nimeshiba."