Wacheza Isolo Walipokuja Kwetu

Juzi nilikwenda karibu na Tinde kumzika fundi baiskeli, rafiki wa mwisho wa baba yangu. Walisoma wasifu wake: alizaliwa, alibatizwa, alioa, ameacha watoto na wajukuu, alitengeneza baiskeli. Basi. Nilikaa mkekani kati ya wanawake, nikisubiri mtu aseme alichotufanyia sisi. Hakuna aliyesema, maana wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Nami sina ulimi wa kusema mbele za watu. Ndiyo maana nakusimulia wewe.

Miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba kwenye mistari, na jirani uliyepangiwa ndiye huyohuyo. Kuni zilikuwa mbali, kwa hiyo bibi alipikia mavi makavu ya ng'ombe. Kikohozi chake kilisikika jikoni tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Nilimsaidia kukata viazi vya michembe na kuvianika kwenye jiwe, mikono ikinata utomvu. Jioni tulikula michembe iliyochemshwa na karanga, na mpaka leo nikisikia harufu ile natafuta kigoda cha kukalia.

Alasiri baba alicheza isolo, bao letu la Kisukuma, na wenzake watatu: fundi baiskeli, katekista, na mwenye duka, Mwislamu wa Tinde aliyependa kuvaa kanzu safi hata kwenye vumbi. Walikuwa na kelele kuliko watoto.

"Leo utarudi kwa mkeo mikono mitupu!"

"Mke wangu amezoea. Wako je, anajua anaishi na mwizi wa kete?"

Bibi alikuwa akicheka kulekule kwenye moshi.

Kisha watoto wawili wa jirani walikufa kwa surua, wakifuatana. Mganga akamwambia baba yao amtafute mwenye macho mekundu. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mashamba ya pamba, wanaume wawili waliingia uani wakaomba maji. Bibi akanituma kuyachota. Nilipogeuka na kata mkononi, mmoja alikuwa ameshatoa panga. Bibi aliinua mkono kujikinga. Panga likaanza na mkono, likaja shingoni. Hakupiga kelele, ulikuwa mlio mfupi tu, kama wa mtu anayeinua mzigo. Maji yalinimwagikia miguuni. Mwenye panga alikuwa jirani yetu. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama mbuzi, akaondoka bila kukimbia.

Baba alikwenda polisi. Jirani alichukuliwa, akarudi baada ya siku chache. Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba wenye makosa ni sisi: tumempeleka mwenzetu kwa watu wa nje, tena kwa ajili ya mchawi. Tukatengwa. Mtu asitusalimie, asiseme nasi, asile kwetu, asitupe moto. Atakayevunja atatoa ng'ombe. Haikupita muda mbwa wetu alipasuliwa tumbo, na maksai wa kulimia akakatwa mishipa ya miguu. Baba alimchinja mwenyewe huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyekuja hata kuomba nyama.

Baba akawa anakaa mlangoni akinoa panga. Mama akamwambia, "Baba Kabula, ukimwua yule, nao watakuua. Kisha wataingia humu kwetu."

Kabula ni mimi. Baba akajibu, "Najua," akaendelea kunoa.

Alasiri moja tulimwona jirani akirudi shambani peke yake. Baba akasimama, panga mkononi. Mama alimshika shati, likachanika. Hapo ndipo fundi baiskeli alipoingia uani, bao lake limefungwa nyuma ya baiskeli. Hakutusalimia. Aliliweka bao chini, akagawa kete kwenye vishimo, kisha akaigeukia baiskeli.

"Wewe baiskeli," alisema kwa sauti, "mwambie mwenye mji huu kwamba mara ya mwisho aliacha mchezo akiwa anapigwa. Mwambie watu wanasema ni mwoga."

Katika yote yaliyokatazwa, waliotangaza walikuwa wamesahau isolo. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu angekwenda kucheza na aliyetengwa.

Baba alisimama kwa muda mrefu. Jirani akapita, akaingia kwake. Ndipo baba akakaa, panga akalikalia, akacheza. Akashindwa vibaya.

"Baiskeli, umeona?" fundi alisema. "Kumbe ni kweli."

Wakaanza kuja wote. Katekista alizungumza na kofia yake. Mwenye duka alizungumza na Mungu, akilalamika juu ya uchezaji wa baba, na kila alipoondoka alikuwa amesahau kibiriti au chumvi kwenye karatasi. Mama alianza tena kupika chakula kinachokolea. Lakini baba aliendelea kucheza juu ya panga lile.

Vijana wa kijiji wakaja na fimbo na shoka.

"Mmevunja amri!"

"Tumemsalimia?" katekista aliuliza. "Tumekula kwake?"

Kijana mmoja akampiga fundi usoni kwa fimbo. Mwingine alimkanyaga mkono wa kulia juu ya bao, nikasikia vidole vikivunjika. Kisha wakalipasua bao kwa shoka. Kete ziliruka kila upande, kuku wakazikimbilia. Nyuma yao, kwenye njia, jirani alikuwa amesimama akitazama.

Baba akasimama na panga. Vijana walirudi nyuma, njia ikawa nyeupe mpaka kwa jirani. Mama alinifunika macho, lakini nilisikia.

"Kaa chini." Ilikuwa sauti ya fundi, na safari hii hakuwa akiiambia baiskeli. "Kaa chini, ndugu yangu. Ni zamu yako."

Nilipoutoa mkono wa mama, fundi alikuwa amepiga magoti, damu ikimchuruzika kidevuni, akichimba vishimo ardhini kwa mkono wa kushoto. Baba alimtazama. Akakaa. Akaanza kuokota kete mavumbini.

Fundi alitozwa ng'ombe kwa maneno yale. Vidole vyake viliunga vibaya, na ufundi wake haukurudi kama zamani.

Baba aliishi mpaka akanioza. Jirani naye alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na hilo bado linaniuma. Bibi yangu hakulipiwa. Katekista ameondoka, mwenye duka ameondoka, na pale uani petu sasa pamelimwa dengu. Mama naye hayupo. Tangu juzi ni mimi peke yangu niliyebaki ninayejua kwamba baba alikaribia kuua, na ni nani aliyemkalisha.